Mtu wa Juu ya Jiwe Aliuliza Bei

Mnakuja kwangu, nyinyi vijana wa chuo, na simu zenu mnanionyesha: "Mzee, angalia, wiki hii websaiti yetu imetembelewa na watu mia tisa!" Nami nauliza, wangapi wamenunua? Hapo mnaanza kuangalia viatu vyenu. Basi mnashangilia nini? Hata mbuzi huchungulia dukani. Nimeuza mashine soko la Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, miaka mingi, na mbuzi wengi wamechungulia kibanda changu. Mmoja alinilia kofia. Lakini sikuwahi kurudi Kasese nikamwambia bosi wangu kwamba leo biashara imekwenda vizuri, mbuzi walikuwa wengi.

Nawaandikia haya kwa sababu mmeniomba, na kwa sababu goti limekataa kutembea na sina pa kwenda. Shule niliiachia darasa la nne. Kiswahili changu nusu nilikiokota kwa Wakongo sokoni, nusu kwa askari wa vizuizini waliokuwa wakituambia "Shuka! Panga mstari! Wewe, unacheka nini?" Kwa hiyo mkikuta sentensi inawafokea, msijiulize kosa lenu ni nini. Ndiyo shule niliyopata.

Nilikuwa muuzaji wa karakana ya Mama Masika, hapo Kasese upande wa reli ya zamani. Tulitengeneza mashine za mkono za kumenya kahawa. Kwa wale mnaoijua kahawa ndani ya kikombe tu: kahawa ikiiva ni nyekundu, na mbegu imo ndani ya ganda lenye utelezi. Unaimimina kwenye bakuli la juu, unazungusha mkono, ngoma iliyovikwa bati la shaba lenye meno inavua ganda. Mbegu inatoka huku, ganda kule. Usipoimenya siku ile ile uliyoichuma inachacha, na mnunuzi akiinusa anakupa bei ya takataka. Ndiyo maana mkulima wa mlimani akitaka mashine anaitaka leo. Hataki kuitwa "mteja wetu mpendwa". Anataka mashine.

Kazi ya kuuza nilifundishwa na marehemu Thembo, mume wa Mama Masika, aliyeianzisha karakana. Thembo alikuwa mtu wa maneno machache na matusi mengi. Siku ya kwanza alinipeleka Bwera, akanisikiliza nikihubiri mbele ya mteja: mashine hii ni imara, mashine hii ni ya kisasa, mashine hii hivi, mashine hii vile. Mteja akaondoka. Thembo akaniambia, "Muhindo, mdomo wako unafukuza watu. Ufunge. Mpe mkono wa mashine azungushe mwenyewe."

Nikaufunga. Mteja wa pili nikamwachia azungushe. Akaona mbegu zinamwagika, akatabasamu peke yake kama mtu aliyekumbuka kitu kizuri, akanunua. Ile ndiyo elimu yangu yote. Nyinyi mnalipa ada miaka mitatu mfundishwe kitu hicho hicho kwa Kiingereza, na bado hamkishiki.

Lakini mimi nami mjanja wa kijinga. Nikaanza kubeba kahawa yangu mwenyewe ya kuonyeshea, iliyoiva mpaka inakaribia kupasuka. Kahawa ya namna hiyo hata ukiifinya kwa vidole inatoka. Mashine ilionekana kama muujiza. Mama mmoja wa Kisinga akanunua, akaenda nayo kwake, akaweka kahawa yake ngumu ya kawaida. Siku ya soko iliyofuata nikamwona anakuja amepanda boda, mashine ameipakata kama mtoto mgonjwa. Hakunisalimia. Akasimama katikati ya soko akapaza sauti: "Njooni muone mashine inayomenya kahawa ya muuzaji tu!"

Watu walikuja. Walikuja kweli. Siku hiyo nilipata watazamaji wengi kuliko websaiti yoyote.

Tatizo lilikuwa dogo, nafasi kati ya ngoma na kile chuma kinachobana kahawa ilikuwa pana kwa mbegu zake ndogo. Unalegeza nati mbili, unasogeza, unakaza. Thembo, ambaye siku hiyo tulikwenda naye sokoni, alifanya hivyo mbele ya watu wote, akammenyea yule mama debe zima bila mbegu kuvunjika. Kisha akanigeukia. "Kuanzia leo, mteja aje na kahawa yake." Niliona ni adhabu. Nilichelewa sana kujua kwamba alikuwa amenipa dawa.

Thembo alipofariki, Mama Masika alichukua karakana. Watu walisema mwanamke ataweza wapi na vyuma. Wajinga. Mashine kubwa ya karakana, ya kuchonga chuma, aliijua kuliko mume wake, maana Thembo alikuwa akiharibu na yeye akirekebisha mume akienda kunywa chai. Mafundi wanne walikuwa wakila kwa mashine ile, na mimi wa tano. Nilikuwa na umri ambao huajiriwi tena hata kuchunga ndizi zisiibiwe.

Kisha zikaja simu za kupangusa. Mwanzo walikuwa nazo watu wa ofisini, halafu wenye maduka, halafu siku moja nikamwona mwendesha boda wa Muhokya, ndala zake zimefungwa kwa waya, simu yake kubwa kama sahani. Bwera ikabadilika. Mkulima haji tena kuuliza sokoni. Kijana wake anaangalia kwenye simu nyumbani, wanaamua huko huko, wanakuja sokoni kununua chumvi. Mimi nimesimama na mashine yangu kama sanamu. Misimu miwili ikapita hivyo.

Mama Masika akaniita ofisini. Ofisi ni kona yenye kiti. "Shemeji," akasema, maana hakuacha kuniita shemeji hata baada ya Thembo kuondoka, "nimeitafutia karakana websaiti. Lakini nakwambia ukweli. Msimu huu mkubwa wa kahawa ukiisha na mashine hazitoki, nauza ile ya kuchonga chuma na nafunga mlango. Mtu wa Mbarara amekwisha kuja kuipima."

Kweli nilikwenda nikakuta sakafuni alama za chaki kuizunguka mashine. Kama polisi wanavyochorea mtu aliyelala barabarani.

Sasa ngoja niwaeleze huyo mtengeneza websaiti. Aliitwa Brian. Mtu mzima, ana ndevu, viatu vimechongoka mbele hadi unaogopa kumkaribia. Alikaa kwetu asubuhi moja, hakugusa mashine hata moja. Nilimwambia, zungusha uone. Akasema, "Hapana mzee, mimi nashughulika na upande wa maudhui." Akanywa soda, akaondoka, websaiti ikatoka.

Tukaifungua kwenye simu ya Mama Masika. Picha ya kwanza, mzungu wa kike anakunywa kahawa na kucheka. Anachekea nini hatukujua. Mashine yetu ilikuwa chini kabisa, ndogo, imepigwa picha kutoka nyuma. Maneno yote Kiingereza, na Kiingereza chenyewe cha kupanda ngazi. "Solution", yaani suluhisho, ilikuwa imeandikwa mara nyingi. Nikauliza suluhisho gani, Brian akasema ni namna ya kuandika.

Mteja wa kwanza aliyetupigia kutokana na websaiti alikuwa mtu wa Katunguru, anauza samaki pale darajani.

"Hapo kwenu mnafungua saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi, ndugu yangu. Karibu sana."

"Chapati iko?"

"Chapati?"

"Ya kula na kahawa. Nitakuwa na watu watatu."

Yule mzungu alikuwa amewaita watu kwenye chai! Na wengine wakafuata. Mmoja akauliza kama tuna vyumba vya kulala. Brian alikuja mwisho wa mwezi na karatasi yenye mstari unaopanda kama barabara ya milimani, akasema, "Mnaona? Wanaongezeka." Mama Masika akaangalia karatasi, akaigeuza nyuma, akaona ni nyeupe. "Mwanangu," akasema, "hawa wanaoongezeka wanatafuta mashine au chapati?" Brian akasema jambo hilo litakuja lenyewe, kwanza tujenge jina. Jina! Jina tulikuwa nalo tangu kabla ya yeye kuota ndevu. Tulikosa wanunuzi.

Lakini nisimrundikie Brian kila kitu. Kosa kubwa lilikuwa langu mimi, na nalisema kwa mdomo wangu kabla hamjasimuliwa na Haji Swaibu. Huyu Haji ndiye aliyekuwa akibeba mashine zetu kwa lori lake hadi Bwera, na anapenda kunisema.

Brian aliuliza, "Bei niandike ngapi?" Nikaruka juu. Bei? Bei unaitajaje kabla hujamwona mtu? Sisi wa soko kwanza tunaangalia viatu. Buti za mpira zenye udongo wa mlimani, huyo ana kahawa, ana pesa, na ana haraka. Viatu vilivyong'arishwa, huyo ni wa ofisini, atabishana nawe mpaka jua lizame halafu aseme atarudi na mke wake. Mama aliyefunga kitenge mara mbili, ujue fundo la ndani lina dola. Kila mmoja na bei yake. Nikamwambia Brian aandike "Bei: wasiliana nasi," na nikajiona profesa.

Na huko kuwasiliana kwenyewe! Visanduku vya kujaza kumi na moja: jina, jina la kampuni, barua pepe, nchi, umetufahamuje. Mkulima wa Kisinga kampuni yake iitwaje? Na wale wachache waliovumilia wakajaza vyote, maneno yao yalikwenda kwenye barua pepe ambayo neno lake la siri alikuwa nalo Brian, na Brian alikuwa Mbarara. Mnacheka. Nendeni mkaangalie ya kwenu nani anaifungua.

Mama Masika akagundua, akafoka, akaamuru visanduku viondolewe, na namba ya simu, iliyokuwa imefichwa chini kabisa, iwekwe juu. Simu akanipa mimi. "Wewe ndiye muuzaji. Meseji zikija, jibu."

Zikaja. Sikilizeni zilivyokuja. "Bei?" Neno moja. Nyingine: "Bei ya ile mashine." Nyingine: "Ngapi."

Hapa lazima mnijue nilivyolelewa. Kwetu mtu akifika hakuulizi kitu. Anakusalimia, unamsalimia, mnaulizana mmelalaje, watoto wamelalaje, mke, mbuzi, kahawa imeanza maua au bado. Baada ya hapo ndipo anasema kilichomleta, tena kwa kuzunguka. Anayekuja na "Bei?" mlangoni ni mtu wa kodi au ni mwizi. Nikaona watu hawa wa websaiti hawana adabu, na nikaamua kuwafundisha. Nilichapa kwa kidole kimoja, polepole: "Kwenu hamsalimii? Salimia kwanza." Nikatuma. Walionyamaza, nikasema, tazama, wana aibu. Kulikuwa na mmoja aliyetuma "Bei?" mara tatu kwa siku tofauti. Mara tatu nikamjibu vile vile, mara ya tatu kwa herufi kubwa.

Mama Masika akiniuliza, "Meseji vipi?" nilimjibu, "Zinakuja, lakini ni za watu wasio na malezi." Aliamini kwamba najua kazi yangu. Hilo hadi leo linanichoma kuliko goti.

Msimu ukafika katikati. Mtu wa Mbarara akapiga simu kusema anakuja Jumamosi na gari na kamba. Siku ya soko kabla ya Jumamosi hiyo nikapanda lori la Haji kwenda Bwera na mashine moja, kama kawaida, najua labda ni mara ya mwisho. Nikaisimamisha karibu na wauza mafuta ya mawese, kwa sababu Wakongo hupita hapo.

Akaja mtu mrefu, buti za mpira, udongo mwekundu mpaka magotini. Nikajisemea, huyo ana kahawa. Akainama, akaisoma namba ya simu tuliyoipaka rangi kwenye mashine. Akatoa simu yake, akaangalia, akaangalia mashine tena. Kisha akasimama wima mbele yangu, akavua kofia, akasema kwa sauti ambayo soko zima lilisikia:

"Jambo, muzee. Habari ya nyumba? Bibi iko muzuri? Batoto beko muzuri? Mbuzi? Kuku? Mvua ilinyesha? Sasa nimesalimia. Unaweza kuniambia bei?"

Haji Swaibu alikuwa anapakua magunia. Aliliacha gunia likaanguka. "Mzee wangu," akaniambia, "huyu mtu umemfanya nini?"

Yule mtu akamwonyesha simu. Haji akasoma kwa sauti, na si mara moja: "SALIMIA KWANZA." Wauza mawese wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Hata muuza mbuzi wa jirani alicheka, na mbuzi nadhani pia.

Jina lake Papa Kambale, mkulima wa ng'ambo, juu huko milimani upande wa Kongo, ametumwa na chama cha wakulima wenzake atafute mashine. Nikajitetea kidogo. Nikasema, "Lakini papa, na wewe, neno moja tu? Kama unamfokea mtu?"

Hakukasirika tena. Alinieleza kama mtu anayemweleza mtoto. "Muzee, kwetu rezo ya simu hakuna. Iko jiwe moja kubwa juu ya kilima. Unapanda juu ya lile jiwe, unanyoosha mukono hivi, njo rezo inakuja. Kidogo tu. Na inite, pesa ya simu, inakwisha. Na watu beko chini wananingojea, kila mutu anauliza, 'Wamejibu? Wamejibu?' Niandike salamu yote, rezo itakuwa imeshaenda. Ninaandika kitu kimoja chenye nahitaji. Nashuka. Kesho napanda tena, naona jibu lako." Akavaa kofia. "Mara tatu nilipanda, muzee. Mara tatu nilishuka na kusema, karakana ile wanataka kwanza niulize habari ya mbuzi."

Nimetukanwa na mama wa Kisinga, nimetukanwa na Thembo, askari wamenilaza kifudifudi kwenye lami. Hakuna lililonipata kama hili la mtu asiyenitukana. Niliona yule mtu amesimama juu ya jiwe, mkono juu, na wenzake chini. Na mimi Kasese kivulini natafuta herufi kubwa.

Nikamtajia bei. Ile ile moja, ya kweli, sikuangalia buti zake. Akatikisa kichwa. "Wauza mashine wa Mbarara wameandika bei yao kwenye websaiti, iko karibu sawa. Walinijibu siku ile ile. Nakwenda kwao kesho."

"Mpakani mashine yao itavukaje?"

Akageuka kuangalia upande wa mpaka.

"Bati la shaba likiisha meno, utalipata wapi?"

Akaniangalia. Nikamwambia Haji anaifikisha hadi Mpondwe, pale pa kuvukia, kila siku ya soko, anawajua wabebaji wa pale, na bati jipya naliuza mimi mwenyewe hapa hapa nilipo, na kulifunga namfundisha yeyote kwa muda wa kunywa chai. "Hayo," akasema, "ungeyaandika kwa websaiti." Nikamwambia njoo Kasese kesho kabla hujakwenda Mbarara. Njoo na kahawa yako, si yangu. Mdomo ulilitamka lile neno la Thembo kabla mimi sijafikiri.

Ijumaa akafika na gunia lililoshushwa mlimani alfajiri. Kahawa ngumu, ndogo, nusu yake haijaiva vizuri, nadhani aliichagua kwa makusudi. Mama Masika akatoka na mikono yake ya grisi. Nilikuwa nimemweleza yote usiku uliopita, na alinijibu kwa neno moja tu: "Shemeji." Afadhali angenipiga.

Papa Kambale akamimina, akashika mkono, akazungusha. Mbegu mbili za kwanza zikatoka zimekatika. Mafundi wote wakaacha kazi. Nikaomba spana. Nikalegeza nati mbili, nikasogeza kiasi cha ukucha, nikakaza. "Zungusha, papa." Akazungusha. Akaweka kiganja chini ya mdomo wa mashine, mbegu zikamwagika nzima, zinateleza. Akazigeuza moja moja. Akazungusha tena, safari hii bila kuangalia mashine, anatuangalia sisi na kucheka. Thembo angeijua ile sura.

"Hii haivunje," akasema. "Hii iko muzuri." Halafu akauliza swali ambalo ningependa mliandike ukutani pale mnapokaa na laptopu zenu: "Sasa hii yote, kwa nini mulificha?"

Maana tulikuwa tumeificha! Mtu anatoka mlimani kuja kwetu na sisi tumesimamisha mzungu mlangoni anakunywa chai. Bei tumeificha, mashine tumeigeuza mgongo, na mlinzi wa geti ni mimi nadai salamu.

Mama Masika akatoa simu yake. "Papa, rudia tena, nikupige picha inayotembea." Akarudia. Mikono yake, kahawa yake, sauti yake. Ilikuwa inatikisika, na kuku alipita mbele. Tukamtumia Brian, tukamwambia ondoa mzungu, weka hii. Chini yake andika bei, andika siku za soko tunazofika Bwera, andika kwamba mabati ya shaba yapo, kwa Kiswahili cha sokoni, basi. Brian akapiga simu kulalamika. Alisema haina viwango. Alisema kuku aondolewe. Mama Masika akasema, "Kuku anabaki."

Papa Kambale alirudi kwao bila kwenda Mbarara. Alipanda jiwe lake akatuma meseji, neno moja, "Ndiyo," na idadi ya mashine. Ilikuwa mizigo miwili ya lori la Haji.

Lakini hiyo ni baadaye. Mmeniuliza habari ya Jumamosi. Jumamosi mtu wa Mbarara alifika na gari na kamba na vijana wa kubeba. Alimkuta Mama Masika amesimama ndani ya zile alama za chaki anachonga mhimili wa mashine ya kwanza ya mlimani, maana hakungoja hata lile "Ndiyo", alikuwa ameiona ile sura. Yule bwana akaanza kuzungumza. Mama hakuizima mashine. Bwana akapaza sauti. Mama akamwonyesha sikio kwamba hasikii, akaendelea. Cheche zikaruka kwenye suruali ya yule bwana. Nikamletea chai. Akainywa amesimama, akakunja kamba zake.

Mwisho wa mwezi Brian alileta karatasi yake, na mstari sasa ulikuwa unashuka. Alikuwa na uso wa msiba. "Mmepoteza zaidi ya nusu ya watu." Tulijua ni akina nani. Wa chapati na wa vyumba vya kulala. Waliobaki walikuwa na kahawa nyekundu nyumbani inayochacha. Tulimpa soda, tukamwomba azungushe mashine. Alizungusha, jamani. Baada ya miezi yote hiyo. Akasema, "Kumbe ni nyepesi."

Nimestaafu sasa. Mashine ya kuchonga chuma bado iko palepale, chaki ilishafutika kwa grisi. Namba ya websaiti Mama Masika alimpa binti yake, Masika mwenyewe, lakini wakulima wa zamani bado wana ya kwangu, na wameigawa kama tumbaku. Juzi nimekaa hapa, goti juu ya kigoda, simu ikalia. Namba ya ng'ambo, siijui. Neno moja: "Bei?"

Nilikichukua kidole changu kile kile. Nikaandika bei. Nikaandika siku ya soko, na kwamba bati la shaba lipo. Nikatuma haraka, kabla hajashuka.

Halafu ndipo nikamwuliza watoto wamelalaje.